Mlolongo: Mji Usiojipigia Kura

Tarehe 9 Agosti 2022 karibu kila mpiga kura wa Kenya alipewa karatasi sita: nyeupe ya rais, samawati ya gavana, manjano ya seneta, zambarau ya mwakilishi wa wanawake, kijani ya mbunge, na ya mwisho, ya rangi ya kahawia hafifu, ya mwakilishi wadi. Asubuhi hiyo nilipiga foleni katika shule moja ya msingi hapa Mlolongo. Mbele yangu alikuwa mama mmoja aliyejifunga leso mabegani kwa baridi. Alipokabidhiwa zile karatasi alizipanga mkononi kama anayepanga noti, akaitoa ile ya kahawia, akaielekeza kwenye mwanga wa dirisha na kumuuliza karani hiyo ni ya nani. Karani hakuinua hata macho. "Ni ya hapa, mama. Ya hapa."

Sijalisahau jibu lile. Karatasi tano zilikuwa za mbali: Ikulu, Seneti, Bunge la Kitaifa, ofisi kuu za kaunti kule Machakos. Moja tu ndiyo iliyohusu mtaro unaofurika mvua ikinyesha, taka zinazorundikana kando ya njia ya kuingia mtaa wa Phase 3, ada ambayo mama mboga hutozwa kwa kibanda chake, chekechea ya watoto wetu na zahanati tunayoikimbilia mtoto akipandwa na homa usiku. Lakini nikitazama jinsi mji huu unavyompata mtu wake katika bunge la kaunti, naona hiyo ndiyo karatasi iliyoachwa yatima kuliko zote. Wakazi wengi mno hawaipigi. Wanaoipiga wamepunjwa uzito wa kura na ramani ya mipaka. Na siku yenyewe ikifika, macho ya kila mtu huwa kwingine.

Kwa asiyeujua mji huu, Mlolongo uko kando ya Barabara ya Mombasa, takriban kilomita 20 kutoka katikati ya Nairobi, ila ukivuka mpaka umeshaingia Kaunti ya Machakos. Uliota pembezoni mwa mizani ya malori. Madereva waliotoka bandarini walisubiri zamu yao ya kupima mzigo, malori yakajipanga hadi macho yasione mwisho, na foleni hiyo ndiyo iliyoupa mji jina. Palipo na foleni ya madereva hupatikana chai, chapati, kitanda cha kulala na fundi wa tairi. Baadaye wakaja wapangaji waliokimbia kodi za Nairobi, kisha wanunuzi wa ploti, kisha kampuni za kujenga nyumba za ghorofa. Mwaka 2012 kituo cha treni za abiria kilifunguliwa Syokimau, mwaka 2017 stesheni kuu ya reli ya SGR ikafuata, na mwaka 2022 ile barabara ya kulipia ya kilomita 27 kutoka Westlands ikaja kuishia hapa hapa Mlolongo. Wadi yetu inabeba majina mawili, Syokimau/Mulolongo: la kwanza ni la yule nabii wa Wakamba ambaye masimulizi yanasema aliona ujio wa nyoka mrefu kabla reli haijafika, na la pili ni la foleni ya malori, kwa matamshi ya Kikamba.

Neno mlolongo lina kovu lake katika siasa za nchi hii. Mwaka 1986 chama tawala cha KANU kiliamua kwamba wagombea wake wateuliwe kwa watu kusimama nyuma ya wanayemtaka, na Februari 1988 wanachama wakapangwa viwanjani nyuma ya wagombea au picha zao. Aliyevuka asilimia 70 alihesabiwa ameshapita, hakuhitaji tena kura ya siri ya mwezi Machi. Kuna mahali mlolongo mfupi ulitangazwa kuwa ndio mrefu mchana kweupe, na kwa kuwa watu walikuwa wameshatawanyika kwenda makwao, hapakubaki kitu cha kuhesabu upya. Askofu Alexander Muge, Askofu Henry Okullu na Kasisi Timothy Njoya walipaza sauti wakati ambapo kupaza sauti kulikuwa na gharama, na jarida la Beyond la Baraza la Makanisa likapigwa marufuku. KANU iliuacha utaratibu huo Desemba 1990.

Nalitaja hili kwa sababu wapo wanaosema kwamba kwa uchaguzi mdogo wa mtaani, kusimama foleni ni njia rahisi, ya bei nafuu, na isiyohitaji mitambo. Uganda ilifanya hivyo Julai 2018, wanakijiji wakapangwa nyuma ya wagombea wa uenyekiti wa baraza la kijiji, LC1, uchaguzi ambao haukuwa umefanyika kwa miaka 17. Mimi siafiki, na sababu yangu iko hapa mtaani. Mlolongo ni mji wa wapangaji. Mwenye ploti ana jamaa yake anayegombea, au ana rafiki aliyemwahidi zabuni. Mpangaji anayedaiwa kodi ya mwezi mmoja hawezi kusimama kwenye foleni ya mpinzani huku mwenye nyumba akimwangalia. Siri ya kura inamlinda mtu mdogo kuliko inavyomlinda mkubwa, na hasa katika uchaguzi mdogo, kwa sababu huko ndiko watu wanakojuana kwa sura na kwa madeni.

Uwakilishi wa karibu haujawahi kuwa na mizizi mirefu Ukambani, wala kwingineko nchini. Mabaraza ya wenyeji yaliyoanzishwa na wakoloni miaka ya 1920 yaliongozwa na mkuu wa wilaya Mzungu, Waafrika wakikaa humo kwa hisani yake. Baada ya uhuru tulipata madiwani, lakini sheria ya mwaka 1969 iliyahamishia kwa serikali kuu majukumu mazito ya mabaraza ya kaunti, yaani shule za msingi, afya na barabara, na diwani akaachiwa soko, leseni na machinjio. Tangu mwaka 1999 sehemu ya kodi ya mapato, asilimia 5, ilianza kurudishwa kwa mabaraza kupitia mfuko wa LATF, yakapata pumzi kidogo.

Mavoko, ambamo Mlolongo umo, ilikuwa na baraza lake la manispaa, lenye madiwani na meya wake. Sidai kwamba enzi ile ilikuwa ya neema. Mabaraza mengi nchini yalijulikana kwa mishahara iliyocheleweshwa na ardhi ya umma iliyogawanywa gizani, na hapa kwetu hakuna aliyesahau Novemba 2011, tingatinga zilipoangusha nyumba za Syokimau kwa hoja kwamba zimejengwa kwenye ardhi ya Mamlaka ya Viwanja vya Ndege, huku wenye nyumba wakishika hati mkononi. Lakini baraza lilikuwa la mji. Mkazi aliyekasirika alijua ni jengo gani la kwenda kusimama mbele yake.

Machi 2013 mabaraza yote 175 ya Kenya yalikufa siku moja, na kaunti 47 zikazaliwa. Ugatuzi ulileta fedha na madaraka ambayo diwani wa zamani hakuyaota, kwa maana Katiba inataka kaunti zipate angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa. Kile ambacho hakikusemwa kwa sauti ni kwamba miji ilipoteza mabaraza yake ya kuchaguliwa. Leo Mavoko ni manispaa yenye bodi, lakini wajumbe wa bodi huteuliwa na serikali ya kaunti na kuidhinishwa na bunge la kaunti. Hakuna anayepigiwa kura na wakazi. Mji wenye viwanda vya saruji, eneo la viwanda vya kuuza nje tangu 1990, na msururu wa maghala kando ya barabara kuu hauna hata mtu mmoja aliyechaguliwa kuutawala kama mji. Una wawakilishi wanne wanaokwenda kuketi Machakos pamoja na wenzao 36 wa wadi nyingine.

Hesabu zenyewe zinashtua. Sensa ya 2019 ilikuta watu 322,499 katika kaunti ndogo ya Athi River, ambayo kwa takriban ndiyo eneobunge la Mavoko. Kaunti nzima ya Machakos ilikuwa na watu 1,421,932. Yaani katika kila wakazi 100 wa kaunti, karibu 23 wanaishi huku kwetu. Bunge la kaunti lina viti 40 vya wadi, na Mavoko ina vinne: Athi River, Kinanie, Muthwani na Syokimau/Mulolongo. Asilimia 23 ya watu, asilimia 10 ya viti. Ukigawanya, mwakilishi mmoja wa Mavoko anabeba wastani wa watu 80,600. Mwenzake wa sehemu nyingine za Machakos anabeba kama 30,500. Kikao cha bajeti kinapoketi, mkazi mmoja wa Masinga anahesabika zaidi ya mara mbili na nusu ya mkazi wa Mlolongo. Sisemi wa Masinga wanapata kingi, kwani wana ukame wao na barabara zao za vumbi. Nasema mizani imeinama, na mji uliozaliwa na mizani ulipaswa kuwa wa kwanza kuliona hilo.

Wala si suala la hisia tu. Kifungu cha 89 cha Katiba kinataka wadi zilingane kwa idadi ya watu, na kuruhusu zipishane na wastani wa kitaifa kwa asilimia 30, au 40 kwa majiji na maeneo yenye watu wachache. Wastani wa taifa, ukigawanya Wakenya 47,564,296 wa sensa ya 2019 kwa wadi 1,450, ni kama watu 32,800. Hata ukiipa Mavoko ile nafasi pana ya asilimia 40, wadi moja haikupaswa kuzidi watu 46,000 hivi. Mipaka tuliyo nayo ilichorwa mwaka 2012 kwa kutumia sensa ya 2009, wakati watu wa Mavoko walikuwa hawajafika 140,000. Katiba inaamuru mipaka ipitiwe upya kila baada ya miaka 8 hadi 12. Muda huo ulikwisha Machi 2024, na ulikwisha tume ya uchaguzi, IEBC, ikiwa haina kamishna hata mmoja, viti vikiwa vitupu tangu mapema 2023. Makamishna wapya waliapishwa Julai 2025, uchaguzi mwingine ukiwa tayari unanukia.

Hapa nitavuka bahari kidogo, kwa sababu mfano unasaidia. Mji wa Leicester, Uingereza, una historia na watu wa Afrika Mashariki. Mwaka 1972, Idi Amin alipowafukuza Waasia wa Uganda, baraza la mji huo lililipia tangazo katika gazeti la Uganda Argus likiwasihi wasije Leicester. Walikwenda hata hivyo, wakafungua maduka, wakasomesha watoto, wakajiandikisha kupiga kura za madiwani, na mji ule ule uliowafungia mlango ukajifunza kuwabishia hodi wakati wa kampeni. Leo Leicester, yenye watu 368,600 kwa sensa ya 2021, ina madiwani 54, waliochaguliwa mara ya mwisho tarehe 4 Mei 2023. Ni diwani mmoja kwa watu wasiofika 7,000. Na kuna jambo ambalo Wakenya wengi hawalijui: raia wa Jumuiya ya Madola anayeishi Uingereza kihalali ana haki ya kumpigia kura diwani wa anakoishi, hata kama pasipoti yake ni ya Kenya. Muuguzi aliyetoka Mlolongo mwaka juzi akaenda kufanya kazi Leicester anaweza kuchagua mtu wa kusimamia mapipa ya taka ya mtaa wake mpya, wakati huku nyumbani hakuwahi kumchagua wa kusimamia yale ya Phase 3.

Hakuwahi kwa sababu alikuwa amejiandikisha ushago. Hapa ndipo penye kiini cha mambo, na sitaki kupita haraka.

Siku mbili tatu kabla ya uchaguzi mkuu, stendi ya Machakos jijini Nairobi huwa haina pa kukanyaga. Nauli hupanda. Watu hubeba unga, sukari, sare mpya ya mtoto, na kitambulisho. Mlolongo hubaki na upepo. Maduka ya vifaa vya ujenzi hufungwa, boda boda hukosa abiria, na katika ploti ya vyumba 20 unaweza kukuta mapazia manne tu yaliyofunguliwa. Nimepanga miaka mingi jirani na fundi wa kuchomelea mageti. Watoto wake wote wamezaliwa huku, wanasoma huku, yeye mwenyewe hununua maji ya boza kila wiki, mtungi kwa mtungi, na akishindwa ni yale ya mkokoteni. Anapiga kura Busia. Amemchagua mwakilishi wadi ambaye hatatengeneza mtaro wake, na mwakilishi wadi ambaye angeutengeneza amechaguliwa bila yeye.

Ni rahisi kumlaumu, na wengi humlaumu. Mimi nimekoma. Mtu hupiga kura mahali anapohesabiwa kuwa mtu. Busia ana kaburi la baba yake, ana mama, ana kipande cha shamba ambacho akikosa kuonekana ndugu watakisogeza mpaka. Hapa ana risiti za kodi, na risiti hazimfanyi mwenyeji. Juu ya hayo kuna kumbukumbu ya miezi ile baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, watu walipofukuzwa walikokuwa wamepanga na hata walikokuwa wamenunua. Aliyeona hayo akiwa kijana, sasa ni mzazi, akisikia uchaguzi unakaribia hutaka watoto wake walale karibu na bibi yao. Kura inafuata usalama. Wagombea wa huku wanalijua hili, na wapo wanaolitumia, wakiwagawa watu mikutanoni kwa kuwataja wenyeji na wageni, katika mji ambao ukitafuta mwenyeji wake wa kweli utampata dereva wa lori.

Mtego unajifunga hapo. Wanasiasa wa kaunti huhesabu kura, hawahesabu vichwa. Wadi yenye wakazi 80,000 na wapiga kura wachache kuliko inavyostahili haina sauti ya kutisha bajeti. Fedha zikienda kwingine, mpangaji anasema si nilijua, kaunti hii si yangu, na kadi yake inabaki Busia.

Kuna kundi jingine ambalo haliendi popote siku ya kura lakini pia halipo. Hawa wanaishi katika mitaa yenye geti. Wana kisima chao, walinzi wao, barabara ya kabro waliyochangia wenyewe, na kampuni ya binafsi inayobeba taka kila Jumanne. Vyama vya wakazi vya upande wa Syokimau vimefanya kazi ambayo kaunti ilipaswa kufanya, na nawaheshimu kwa hilo. Ila ukishajitosheleza ndani ya geti, mwakilishi wadi anakuwa mtu wa watu wa nje ya geti. Ni wachache wanaomjua kwa jina. Halafu mvua kubwa inakuja, maji hayasomi geti, na lori la kunyonya majitaka linamwaga mzigo wake kwenye mkondo unaopita nyuma ya ukuta wao. Hapo ndipo wanapokumbuka kwamba idhini ya ujenzi, njia ya maji ya mvua na mfereji wa majitaka ni mambo ya kaunti. Oktoba 2023, tingatinga ziliporudi, safari hii kwenye ardhi ya kampuni ya East African Portland Cement kule Athi River, waliolia walikuwa watu wa kila tabaka.

Kisha kuna siku yenyewe. Katiba inataka mwakilishi wadi achaguliwe siku moja na rais, Jumanne ya pili ya Agosti kila mwaka wa tano. Kwa hiyo karatasi ya mtaro inasafiri ndani ya basi moja na karatasi ya Ikulu, na basi hilo lina dereva mmoja. Ukambani kwa miaka mingi dereva amekuwa chama cha Wiper na mwavuli wake. Mgombea wa wadi hujua kwamba vita vyake vikubwa viko kwenye kura za mchujo, kwa sababu akipata mwavuli amevuka nusu ya mto. Mwaka 2022 mambo yalichangamka kidogo. Wavinya Ndeti wa Wiper alipambana na Johnson Muthama wa UDA na Nzioka Waita wa Chama cha Uzalendo kuwania ugavana, na wagombea wa wadi wakajipanga nyuma ya vigogo hao. Viongozi nao huhimiza watu wapige suti, yaani chama kimoja kutoka juu hadi chini, na suti ikishonwa hivyo hakuna anayeuliza mwenye karatasi ya kahawia amewahi kuhudhuria kikao gani cha mtaa. Mgombea huru anaruhusiwa, anahitaji sahihi 500 tu za wapiga kura wa wadi. Sahihi zinapatikana. Redio, mabango na helikopta ya kumpitisha mbele ya umati havipatikani.

Wengine hupendekeza tutenganishe uchaguzi wa wadi na ule mkuu. Tanzania hufanya hivyo kwa ngazi ya chini kabisa. Wenyeviti wa vijiji, mitaa na vitongoji huchaguliwa mwaka mmoja kabla, kama ilivyokuwa tarehe 27 Novemba 2024, ambapo chama tawala cha CCM kilitangazwa kushinda takriban asilimia 99 ya nafasi huku upinzani ukilalamika kwamba wagombea wake wengi walienguliwa mapema. Kule Uingereza uchaguzi wa madiwani hufanywa Mei, peke yake mara nyingi, na mara nyingi ni theluthi moja hivi ya wapiga kura wanaojitokeza. Kenya mwaka 2022, mwaka uliosemwa kuwa wa uzembe wa wapiga kura, ilipata karibu asilimia 65. Nikiyaweka haya pamoja, sioni tiba kwenye kalenda. Siku ya peke yake itaipa karatasi ya kahawia heshima yake, lakini kama fundi wangu bado amejiandikisha Busia, heshima hiyo atapewa nani?

Tatizo linaendelea baada ya kura. Sheria inamtaka mwakilishi wadi atunge sheria za kaunti, apitishe bajeti na kumsimamia gavana. Mtaa unamtaka atoe basari, alipe sehemu ya bili ya hospitali, asimame kwenye matanga akiwa na bahasha. Anayefuata sheria huitwa mchoyo. Anayefuata mtaa hana muda wa kusoma Mswada wa Fedha, ambamo ada za vibanda, maegesho na vibali vya biashara hupangwa kila mwaka. Februari 2021, katika wiki zile zile mabunge ya kaunti yalipokuwa yakiupigia kura mswada wa BBI wa kubadilisha Katiba, wawakilishi wadi kote nchini walikubaliwa ruzuku ya gari ya shilingi milioni 2 kila mmoja. Wananchi waliona wazi jinsi karatasi yao ndogo ilivyogeuka kuwa mtaji katika mchezo wa wakubwa, na sikumsikia mtu yeyote mtaani akiulizwa maoni yake.

Tuna haki ya kuulizwa. Kifungu cha 196 cha Katiba kinalazimisha bunge la kaunti lishirikishe umma. Vikao huitishwa. Tatizo ni kwamba huitishwa siku ya kazi, asubuhi, na saa hiyo Mlolongo iko ndani ya matatu na treni kuelekea Eneo la Viwanda na katikati ya jiji. Ukumbini hukaa wazee wachache, wanafunzi waliomaliza shule, na watu walioletwa na mgombea wa kesho. Nimehudhuria kimoja. Mzee aliyekaa kando yangu aliuliza swali bora kuliko yote niliyoyasikia siku hiyo: mradi wa mtaro uliokuwa kwenye bajeti ya mwaka uliopita ulifika wapi. Aliandikiwa swali lake kwenye daftari. Kama kikao kingefanywa Jumapili alasiri, baada ya ibada, swali hilo lingeulizwa na watu 300, na daftari lisingetosha kulinyamazisha.

Nikiulizwa nianze wapi, nitaanza na vitu vitatu, kwa mpangilio wa uzito. IEBC ipitie mipaka, na Mavoko ipewe wadi inazostahili kwa idadi ya watu wake. Hili ni la kisheria na limechelewa. Bodi ya manispaa iwe na wajumbe wanaochaguliwa na wakazi, hata kama ni nusu yao tu, ili mji urudishiwe uso. Na mkazi ahamishe kura yake aje nayo anakoishi. La kwanza haliko mikononi mwetu, na kwa hali ilivyo tunaelekea kupiga kura tarehe 10 Agosti 2027 kwa ramani ya mwaka 2012. La pili linahitaji wabunge wabadilishe sheria, na mbunge hapendi mshindani wa karibu. La tatu ni fomu ya kuhamisha kituo, kitambulisho na alama za vidole, bila malipo, mradi iwe kabla sajili haijafungwa.

Nilimweleza fundi haya yote jioni moja akiwa anapulizia rangi geti la mtu. Alisikiliza hadi mwisho. Akaniuliza ofisi hufunguliwa saa ngapi, na kama Jumamosi wapo. Kisha akafuta mikono kwa kitambaa, akatoa simu, akasema anataka kwanza kuzungumza na mama yake.